Bi. Eufelia Maestas Anaweka Msasa Chini

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2024, saa nane mchana, Bi. Eufelia Maestas anastaafu baada ya kuitumikia maabara yetu ya pete za miti kwa miaka thelathini na saba. Alianza Machi 1987, akiwa ameajiriwa kufagia vumbi la mbao kwa miezi mitatu tu. Hiyo miezi mitatu ndiyo inaisha sasa. Katikati hapo amefanya kazi chini ya wakurugenzi watano, amehama nasi majengo mawili, na amezizika mashine kadhaa za msasa zilizoshindwa kwenda na kasi yake. Hapa kazini, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa geti, wote tunamwita Shangazi. Wapo wageni walioondoka wakiamini hilo ndilo jina lililo kwenye mkataba wake.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu kwa miaka sita meza yangu imekaa ubavuni mwa meza yake. Shule yangu iliishia njiani, na haya nimeyaandika jikoni kwangu mtoto akiwa mapajani. Mkiona sentensi imekatika, mjue kuna mtu mdogo alikuwa anavuta kalamu.

Jamaa za Shangazi watakuwepo siku ya sherehe, na wengi wao hawajawahi kuingia chumba cha msasa. Kwa ajili yao naeleza. Kazi ya Shangazi ni kuufanya mti usomeke. Mti ukikatwa kwa msumeno huonekana umekwaruzwa tu. Lazima usuguliwe kwa msasa mkali, kisha msasa wa katikati, kisha msasa laini kama karatasi ya sigara, mpaka uso wake ung'ae kama kioo. Hapo ndipo pete hutokea.

Na pete zinatoka wapi, hilo Shangazi mwenyewe analieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Kila Mei tunaletewa watoto wa shule kwa basi, na yeye huwapanga mbele ya kipande kikubwa cha msonobari.

"Mti wa huku unalala wakati wa baridi, kama dubu," huwaambia. "Theluji ikiyeyuka, unaamka na njaa. Chini tu ya gome kuna ngozi iliyo hai, nyembamba kuliko kucha yako. Hiyo ndiyo inajenga. Maji yakiwa mengi inajenga haraka haraka, mbao zinatoka laini na nyeupe. Maji yakipungua mwisho wa kiangazi inajenga kidogo kidogo, kwa ubahili, mbao zinatoka ngumu na nyeusi. Baridi ikirudi, inalala tena. Mwaka unaofuata inajenga juu ya ule wa jana."

"Kwa hiyo mti unanenepa kila mwaka?" aliuliza mtoto mmoja mwaka jana.

"Kila mwaka. Kama mimi."

Kisha huwaacha wahesabu wenyewe. Daima yupo mmoja anayehesabu mstari mweupe kama mwaka na mweusi kama mwaka, akaupa mti umri mara mbili. Shangazi huwa hamcheki. Humkalisha chini na kumwambia, "Umeupa mti miaka usiyoishi. Nyeupe na nyeusi ni mume na mke, nyumba moja. Hesabu nyumba." Nimewaona watoto wakirudi kwenye basi wakihesabu nyumba kwa vidole.

Kwenye miti iliyo hai hatutumii msumeno. Tunaingiza keekee ya mkono taratibu mpaka kwenye moyo wa mti, tunatoa kijiti chembamba kama penseli, na mti unaendelea na maisha yake. Vijiti hivyo husafirishwa ndani ya mirija ya karatasi, ile ya kunywea soda. Kwa miaka mingi mirija hiyo ilitoka kwenye mgahawa wa Bw. Apolonio ulio ng'ambo ya barabara, na Bw. Apolonio hakujua kuwa alikuwa mfadhili wa sayansi. Alipogundua, alianza kuifungia kabatini kila alipomwona Shangazi anavuka. Siku hizi maabara inanunua mirija yake yenyewe. Shangazi bado hutoka mgahawani mkoba ukiwa umevimba, na sisi bado tunatazama pembeni.

Kila mfanyakazi mpya ana siku yake ya aibu, na siku hiyo ni ile ya kugandisha kijiti kwa gundi kwenye kibao chake kikiwa kimegeuka. Ukikilaza upande usio wake, nyuzi za mbao zinaangalia pembeni, na hata ukipiga msasa mpaka vidole vitoke damu hutaona pete hata moja. Wote tumefanya hivyo, na sitaji majina ya madaktari wetu wa sayansi. Shangazi hakuwahi kumgombeza mtu kwa hilo. Alichukua birika, akachemsha maji, akakishikilia kijiti kwenye mvuke mpaka gundi ilainike, akakigeuza kwa vidole viwili kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga kitandani. Ubaya ni kwamba birika lilikuwa ndilo lile lile la chai. Chai yetu ina ladha ya utomvu tangu wakati wa mkurugenzi wa pili.

Mambo mawili ndiyo sheria yake, na yamekuwa sheria ya nyumba nzima. La kwanza, hakuna mwaka unaotoka mlangoni kabla watu wawili hawajausoma, kila mmoja peke yake, bila kuoneshana. La pili, mbao isiyo na gome haipewi mwaka kamili. Kama ukingo wa nje umechongwa au umeoza, hujui ni pete ngapi zimekwenda nao, basi unaandika "si kabla ya" mwaka fulani, na unaishia hapo. Neno hilo limetuingia damuni. Ukimuuliza Shangazi chakula cha mchana ni saa ngapi, anakujibu, "Si kabla ya saa saba."

Sasa niseme habari ya mfereji wa Los Retoños. Wengi mmeisikia nusu nusu kwenye chumba cha chai. Shangazi na Dkt. Leland Benally, msomaji mwenzake wa pete, wameniruhusu niieleze yote, ili iache kusimuliwa vibaya.

Los Retoños ndiko alikozaliwa Shangazi, kule juu ya bonde, nyumba chache na mfereji mmoja wa maji. Mfereji ukikauka hakuna pilipili, hakuna mahindi, hakuna majani ya ng'ombe, na baada ya miaka michache hakuna watu. Mwaka 2004 msimamizi wa mfereji alikuwa kaka yake mkubwa, Bw. Bonifacio. Mwaka huo ranchi kubwa ya chini ya bonde ilikwenda mahakamani ikidai kuwa ndiyo iliyotangulia kutumia maji ya mto ule, na ilikuwa na hati ya mwaka 1881. Sheria ya huku mnaijua: aliyetangulia kuchimba ndiye anayetangulia kunywa mwaka wa ukame. Los Retoños hawakuwa na hati. Walikuwa na maneno ya wazee kwamba mfereji ni wa kabla ya Wamarekani kuja kulitwaa bonde hili miaka ya 1840, na walikuwa na gogo.

Gogo hilo ni msonobari mzima uliochongwa ndani kama mtumbwi na kulazwa juu ya korongo ili maji yavuke. Bw. Bonifacio alikata kipande cha mwisho wake, akakileta hapa mwenyewe, amekifunga kwenye blanketi.

Shangazi alikipiga msasa. Dkt. Benally akasoma, Shangazi akasoma, kila mmoja akilinganisha mfuatano wa pete nene na nyembamba na ule wa miti ambayo miaka yake inajulikana, wakakubaliana. Pete ya nje kabisa iliyobaki ilikuwa ya mwaka 1839. Bw. Bonifacio aliposikia alimkumbatia kila aliyekuwa ukumbini. Shangazi ndiye aliyemvuta pembeni, kwenye ngazi za nyuma.

"Kaka, ngoja. Shoka na maji vimekula nje yote. Gome hakuna. Siwezi kusema lilikatwa lini. Naweza kusema si kabla ya 1839."

"Maana yake nini?"

"Maana yake linaweza kuwa la 1840. Linaweza kuwa la 1890."

"Andika 1840, tumalize," kaka yake akasema.

"Siwezi."

"Eufelia, penseli unaishika wewe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Na hao wa ranchi wakileta mtu wao akalisoma gogo, watajua na wao. Siku hiyo hata ukweli wetu utakuwa uongo."

"Basi kaa na penseli yako. Sisi huko juu tutakunywa upepo."

Aliondoka, na baada ya hapo hakusema naye tena. Wazazi walikwisha kufa na Shangazi hana mtoto. Kaka huyo ndiye aliyekuwa kila kitu. Krismasi ilipofika Shangazi alipeleka sufuria ya tamale, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda. Ikarudi imejaa vile vile, hata kifuniko hakikuguswa. Dkt. Benally anasema baridi ile chumba cha msasa kilikuwa kimya mpaka alitamani mashine iharibike, wapate cha kuzungumza.

Machi 2005 ulikuja usafi wa mfereji. Kila nyumba ya Los Retoños inatoa mtu mmoja na sepetu moja, na nyumba ya marehemu wazazi wao bado ilikuwa na zamu. Shangazi aliomba ruhusa kazini, akachukua sepetu, akaenda. Msimamizi ndiye anayemgawia kila mtu sehemu yake. Bw. Bonifacio alimwambia mtu aliyesimama katikati yao, "Mwambie yule mama wa mjini sehemu yake ni kule chini ya gogo." Ni sehemu ya tope kuliko zote. Hata wanaume wenye mgongo mzuri hukwepa kupangiwa hapo.

Shangazi akashuka, akachimba. Chini ya gogo kulikuwa na visiki vya nguzo za zamani, zile zilizowahi kulishikilia gogo kabla ya kuwekwa nguzo mpya. Kila mwaka wanaume hung'oa kisiki kimoja au viwili vilivyo njiani na kuvitupa kwenye moto wa kahawa. Miaka yote hiyo historia ya kijiji ilikuwa inachemsha kahawa, na hakuna aliyejua. Shangazi naye alikuwa amekunywa kahawa hiyo tangu utoto.

Aliponyanyua mgongo kupumzika, akakiona kimoja kimewekwa mdomoni mwa moto. Ni mwerezi. Nusu yake iliyokaa topeni ilikuwa imetoka na gome lake, limekauka lakini limeshika pande zote. Akapanda ukingo, akakivuta motoni kwa glavu zake za sepetu, akakifunika kwa tope.

"Mama, kahawa haijachemka," Bw. Filadelfio, mwenye zamu ya jiko, alilalamika.

"Mtainywa baridi."

Mwerezi ni mti mgumu kusoma. Mwaka wa njaa huweza kujenga upande mmoja tu na kuuacha upande mwingine bila kitu, hivyo ukisoma upande mbaya unaruka mwaka mzima bila kujua. Shangazi na Dkt. Benally walikisoma kisiki kila mmoja kwenye chumba chake. Walipokutana, Dkt. Benally alikuwa na 1863, Shangazi 1862.

Wakili wa kijiji alipiga simu. Yote mawili ni kabla ya 1881, alisema, tumeni wowote, kesi ni wiki ijayo. Dkt. Benally alimpa Shangazi simu.

"Tukitofautiana mwaka mmoja," alimwambia wakili, "mmoja wetu amekosea, na hatujui amekosea wapi. Aliyekosea mmoja huenda amekosea ishirini. Mwaka hautoki."

Habari zilipanda bonde haraka kuliko maji yanavyoshuka. Asubuhi ya pili yake Bw. Bonifacio alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha msasa, kofia mkononi. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu zile ngazi.

"Mwaka mmoja, Eufelia? Watoto wa watu wakose maji kwa mwaka mmoja?"

Shangazi hakubishana. Alimpa barakoa ya vumbi, akamsogezea kiti. "Vaa hiyo. Kaa hapo."

Akaanza kusugua upande wa pili wa kisiki. Nani hapa asiyejua anavyofanya? Hana haraka, anabadilisha msasa, anapangusa, anapuliza, anainama, anarudia. Kaka yake hakuwahi kumwona akifanya kazi. Alikuwa akidhani dada yake anakaa ofisini na penseli. Alikaa hapo asubuhi nzima akiutazama mkono ule unakwenda na kurudi, mpaka nyusi zake zikawa nyeupe kwa vumbi. Mwishowe Shangazi aliweka jicho kwenye hadubini na kubaki hivyo muda mrefu.

"Ni mimi," alisema. "Daktari yuko sawa. Niliruka mwaka."

Upande ule kulikuwa na pete nyembamba kama unywele. Ilitembea kidogo kuuzunguka mti, kisha ikapotea kabisa kabla ya kufika upande aliousoma kwanza.

"Mwaka gani?" kaka yake aliuliza.

"1851."

Bw. Bonifacio alivua barakoa. "Bibi alikuwa akisema mama yake alimsimulia mwaka waliokula mbegu. Hawakupanda kitu, kwa sababu walikwisha kuila."

"Alikuwa akisema."

"Ndio huu?"

"Mti unasema haukupata maji mwaka huo. Habari ya mbegu hauijui."

"Naweza kuona?"

Akamwekea kiti mbele ya hadubini. Shangazi anasema kaka yake aliangalia mpaka jicho likamtoka machozi, na kwamba yeye hakuuliza kama ni machozi ya hadubini. Mimi nilipomuuliza, aliniambia niendelee na gundi yangu.

Ripoti ilitoka siku hiyo. Nguzo ile ilikatwa baada ya pete ya 1863 kufunga mstari wake mweusi na kabla ya ile ya 1864 kuanza, yaani katika miezi ya baridi, watu walipokuwa wakiutayarisha mfereji kwa msimu wa kupanda. Shangazi alisisitiza iongezwe sentensi moja kwamba umri wa mfereji wenyewe nguzo haiujui. Mahakama iliipokea, na Los Retoños wakabaki na zamu yao ya kwanza. Wapo kijijini walionuna kwa sababu ripoti haikusema "kabla ya Wamarekani". Bw. Bonifacio ndiye aliyewajibu kwenye mkutano: "Nguzo imesema inachokijua. Nyie endeleeni kusema mnachokijua nyie." Na tangu mwaka ule, visiki vinavyong'olewa kwenye mfereji haviendi motoni kabla ya Shangazi kuviona.

Kazi zake nyingine ni nyingi na mkurugenzi atazisoma siku ya sherehe. Mimi nitaongeza tu ambayo mkurugenzi hayajui. Penseli nzuri zote za maabara zimo kwenye kopo la maharage nyuma ya mashine ndogo. Watu tunaojua kupiga msasa humu ndani alitufundisha yeye, kwa kutushika kiganja, kwa sababu anasema maneno hayafundishi mkono. Na nilipojifungua nikarudi kazini nikiwa sina wa kumwachia mtoto, aliniambia, "Mtoto haingii kwenye vumbi. Leo wala kesho." Nilidhani ananifukuza. Alikwenda kuhamisha kazi yote ya gundi kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha na mlango unaofunga, akabaki na vumbi peke yake mwaka mzima. Mwanangu Adelio alijifunza kukaa kwenye sanduku la vijiti vya misonobari ya mlimani. Sikuwahi kumshukuru vizuri. Namshukuru sasa, mbele yenu wote.

Naomba kitu kimoja. Tafadhali msimuulize kama atakuwa anapitapita kutusaidia. Hatapita. Bw. Bonifacio amefika miaka themanini na mmoja, magoti yamemshinda, na mwezi wa Mei alimpigia simu dada yake akamwambia kwamba nyumba ya wazazi ina chumba kitupu na kwamba amechoka kula peke yake. Shangazi aliandika barua ya kustaafu siku ile ile. Tukitaka kumwona, barabara ya Los Retoños iko wazi, na Machi kuna usafi wa mfereji. Njooni na sepetu.

Shangazi, kwa niaba ya wote uliotushika kiganja, asante. Kaka yako amepiga simu ofisini kutujulisha kuwa gari litakuwa mlangoni saa nane kamili, na kwamba hotuba zikiwa ndefu ataingia mwenyewe kukutoa. Kwa hiyo mimi naishia hapa, nisimfanye apande ngazi. Nenda nyumbani. Tunakutakia miaka yenye mvua, mfereji uliojaa, na mtu wa kugombana naye kila asubuhi mezani.

Desirae Rael
Chumba cha Msasa na Gundi